Steam Guard mbele ya barua pepe za matapeli

Steam Guard, ulinzi wa akaunti za Steam (duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta) unaodai msimbo wa ziada baada ya nenosiri, ulianza mwaka 2011, na Gabe Newell, mkuu wa kampuni ya Valve inayoumiliki, aliuamini kiasi cha kutaja hadharani jina la akaunti yake pamoja na nenosiri lake, ili watu waone kwamba viwili hivyo havimtoshi mwizi kuingia. Ninachopima hapa ni kimoja tu: unatufaa kiasi gani pale tapeli anapotuandikia barua pepe akijifanya Steam?

Ukichagua kupokea msimbo huo kwa barua pepe, ulinzi huwa hafifu, kwa kuwa unatuzoesha barua za kutuharakisha, na haraka ndiyo mtaji wa tapeli. Aliyewahi kupokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" anaijua mbinu hiyo. Hata hivyo Steam imetuachia alama moja nzuri ambayo wengi hawaitazami. Kila mchezaji ana majina mawili, lile la kuingilia, ambalo ni siri yake, na lile wanaloliona wenzake, na barua halisi za usalama humwita mtu kwa lile la siri. Barua inayokuita "mteja mpendwa", au kwa jina unalochezea, itilie shaka hapo hapo. Kiungo chake nacho kisomwe polepole, kwa sababu herufi r na n zikibanana huonekana kama m, na anwani inayoanza na steampowered.com kisha ikaendelea kwa nukta na jina jingine kabla ya mkwaju (/) wa kwanza ni mali ya huyo wa mwisho, si ya Steam.

Njia ya pili, programu ya simu ya Steam, ni bora zaidi. Hutoa msimbo wa herufi na tarakimu tano unaobadilika kila baada ya sekunde 30, na huomba uthibitisho kabla vitu vyako vya michezoni havijahamishiwa kwa mtu mwingine. Mwaka 2015 Valve yenyewe ilikiri kwamba akaunti zipatazo 77,000 zilikuwa zikitekwa na kuporwa kila mwezi, hivyo usumbufu huo una sababu yake. Lakini ukiuandika msimbo kwenye ukurasa wa bandia, tapeli huupeleka Steam papo hapo, kabla sekunde hizo hazijaisha, na programu haina namna ya kujua kwamba umedanganywa. Baadhi ya kurasa hizo huchora hata dirisha la kuingilia lenye anwani sahihi kabisa juu yake. Jaribu kulivuta dirisha hilo nje ya kingo za kivinjari: likikwama, ni picha tu.

Kasoro nyingine ni kwamba atakayepoteza simu bila kuandika pembeni msimbo wa kurejesha, ule unaoanza na herufi R, atalazimika kuithibitishia Steam kwamba akaunti ni yake.

Huduma hii haina malipo. Naipa nyota nne kati ya tano kwa programu ya simu, na mbili kwa njia ya barua pepe, ambayo ningemshauri mtu aitumie pale tu anapokosa simu ya kuiwekea programu.