The Yellow Wallpaper: kitabu kidogo, usiruke maelezo ya nyuma

Kama unapenda hadithi fupi kitafute hiki kitabu, hadithi ni ya Charlotte Perkins Gilman, ilitoka 1892 huko Marekani na wachapishaji Feminist Press wakaitoa upya 1973, nyuma wakaweka maelezo ya mhakiki Elaine Hedges na hayo ndo yamenifanya niisome upya usiku huohuo.

Mwanamke katoka kujifungua, moyo mzito, mumewe daktari anamwambia apumzike tu asiandike kitu, kamuweka chumba cha juu madirisha yana nondo na kitanda kimepigiliwa misumari sakafuni. Yani mume wala hapigi, anambembeleza, anambeba, anamwita kama katoto, ila mke akisema siendelei vizuri hasikilizwi, hapo ndo pameniuma sana. Mara ya kwanza niliona ni hadithi ya kutisha basi, mwanamke anatambaa nyuma ya ile karatasi ya njano iliyobandikwa ukutani chumbani humo, Hedges ndo kanionyesha ni habari ya ndoa na nani ana sauti ndani ya nyumba. Na Gilman mwenyewe daktari aliwahi kumkataza asishike kalamu tena!

Kasoro kwangu ni Jennie, wifi mtu anayeendesha nyumba nzima, natamani angepewa nafasi zaidi maana na yeye ni mwanamke humo humo.

Kiingereza chake hakisumbui, unamaliza kwa kikao kimoja. Ukifika pale pa ule mchirizi ulioachwa chini ukutani kuzunguka chumba kizima, rudi nyuma usome tena.