Pombe ya mchele nyumbani: vidonge vya Kichina au koji ya Kijapani?

Hamira ya mkate peke yake haitoshi, kwa sababu haigeuzi wanga wa mchele kuwa sukari. Kazi hiyo ni ya ukungu, na hapo ndipo njia hizi mbili zinapoachana.

Kidonge cha Kichina kina ukungu na hamira pamoja. Unakitwanga, unachanganya unga wake na mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke ukapoa, unaushindilia chomboni na kuacha kishimo katikati. Siku ya 2 au ya 3 kishimo kinaanza kujaa maji matamu. Bei yake nafuu, na vikiwa vikavu vinakaa kabatini miezi. Ila kila chapa ina tabia yake. Nyingine huleta uchachu.

Koji, yaani mchele uliooteshwa ukungu, ni ghali zaidi, la sivyo uioteshe mwenyewe, kama siku 2 za kulinda joto la nyuzi 30 na ushee. Hamira unaitia kando. Lakini kwa kinywaji kikavu, yaani kisicho na utamu, cha aina ya sake (pombe ya mchele ya Kijapani), kwangu mimi koji inashinda.

Ndiyo kwanza unaanza, au unapenda utamu? Vidonge. Una kipimajoto na subira? Koji. Kwa vyovyote, usikaze kifuniko mapema: gesi hupasua chupa.