Crown & Anchor ya Royal Caribbean: pointi 80 zina maana, nyingine ni mapambo

Ukishuka melini baada ya safari yako ya kwanza na Royal Caribbean, kampuni ya meli za kitalii, tayari wewe ni mwanachama wa daraja la Gold katika Crown & Anchor Society, programu yake ya kuwatuza wasafiri wanaorudi, na hilo halikupi chochote cha maana. Pointi 3 tu zinatosha kuingia hapo. Kampuni hii haikosi safari za usiku tatu, kwa hiyo hata aliyekwenda Nassau, Bahama, kula na kuota jua wikiendi moja anakaribishwa kwa heshima zote. Heshima yenyewe ni ya maneno.

Ngazi nzima iko hivi: Gold pointi 3, Platinum 30, Emerald 55, Diamond 80, Diamond Plus 175, na juu kabisa Pinnacle Club, pointi 700. Kila usiku unaolala melini ni pointi moja. Hawaangalii umetumia kiasi gani baa, kasino au kwenye matembezi ya bandarini. Aliyelipa nauli ya kutupwa dakika ya mwisho na aliyelipa mara mbili yake kwa chumba kile kile wanatoka na pointi sawasawa, na pointi hizo hazifi: ukikaa miaka kumi bila kupanda meli unazikuta. Hapo ndipo uzuri wa programu hii ulipo, na ndipo ubaya wake ulipoanzia, kama tutakavyoona.

Platinum na Emerald tuzipite haraka. Platinum inafungua punguzo la nauli kwa vyumba vyenye baraza, na kwa anayependa baraza ni jambo la kuulizia kila anapokata tiketi, maana kiasi hubadilika. Emerald inaongeza zawadi ndogo ya kukaribishwa chumbani. Kati ya pointi 30 na 79, basi, unatembea jangwani, na watu wengi hukata tamaa humo.

Diamond ndiyo kisima. Mwanachama wa Diamond anapewa vocha nne za vinywaji kila siku, zimepakiwa kwenye kadi yake ya SeaPass, kadi ile ile anayofungulia mlango na kulipia. Vocha moja ni kinywaji kimoja cha bei isiyozidi dola 14, na unaitumia baa yoyote ya meli, saa yoyote. Ni mabadiliko makubwa kuliko yanavyosikika, kwa sababu zamani vinywaji vya bure vilifungiwa kwenye ukumbi maalumu kwa saa chache za jioni. Vocha ambayo hukuitumia leo haihamii kesho. Kwa safari ya wiki moja hizo ni vocha 28, na kwa bei ya juu kabisa zinafika dola 392 kwa mtu mmoja. Pamoja nazo kuna siku moja ya intaneti bila malipo, na Diamond Lounge kwenye meli zenye ukumbi huo.

Sasa swali ambalo tathmini nyingi za programu hii haziligusi: je, kwa asiyekunywa pombe? Vocha hazibagui. Zinalipa kahawa za mashine, soda, maji ya chupa na vinywaji mchanganyiko visivyo na kilevi. Ila kahawa na soda hazifiki dola 14, kwa hiyo thamani inaporomoka. Ukichukua vinywaji vya dola 5, vocha 28 zako ni dola 140 kwa wiki, na ukikumbuka kwamba chai, kahawa ya kawaida na maji ya bomba ni bure kwa kila abiria, hata hizo 140 zina mushkeli. Familia ya Kiislamu inayofukuzia Diamond kwa ajili ya vocha peke yake inafukuza kivuli. Kijana wa miaka 19 naye, kwenye meli zinazoondokea Marekani, hawezi kuzitumia kwa pombe hata akiwa Diamond. Umri huko ni miaka 21.

Kuna njia tatu za kuharakisha. Ya kwanza, vyumba vya kuanzia Junior Suite (daraja la chini la vyumba vya kifahari) kwenda juu huleta pointi mbili kwa usiku. Ya pili, abiria anayelala peke yake na kulipa nauli ya watu wawili, yaani asilimia 200, hupata pointi moja ya ziada kila usiku. Ya tatu ni kuziunganisha hizo mbili: mtu mmoja, Junior Suite, pointi tatu. Kwa safari za wiki moja moja, pointi 80 ni safari 12 kwa mwendo wa kawaida, 6 kwa pointi mbili na 4 kwa pointi tatu.

Pointi tatu zinavutia macho, lakini shika kalamu kwanza. Tuseme chumba cha ndani, kisicho na dirisha, kwa usiku saba ni dola 700 kwa mtu, na Junior Suite ya meli hiyo hiyo ni dola 1,300. Ongeza bakshishi ya kila siku, ambayo tangu Novemba 2023 iliwekwa dola 18.50 kwa mtu kwa vyumba vyote hadi Junior Suite (vyumba vikubwa zaidi dola 21): kwa wiki ni dola 129.50. Chumba cha ndani, mkilala wawili, kinakuwa dola 829.50 kwa pointi 7, yaani takriban 118 na nusu kwa pointi. Junior Suite ni dola 1,429.50 kwa pointi 14, sawa na 102. Aliye peke yake chumba cha ndani analipa nauli mbili, lakini bakshishi ni moja kwa sababu tumbo ni moja: dola 1,529.50, pointi 14, takriban 109. Aliye peke yake Junior Suite anafika dola 2,729.50 kwa pointi 21, sawa na 130 kwa pointi. Ile njia ya mkato ya pointi tatu ndiyo ghali kuliko zote.

Bei zinapanda na kushuka kila wiki, kwa hiyo kanuni ndiyo ya kushika. Mkiwa wawili, Junior Suite ikiwa chini ya mara mbili ya chumba mlichokuwa mnakitaka, pointi zake ni rahisi zaidi. Ikizidi mara mbili, angalia bakshishi na kodi za bandari, ambazo hazizidishwi kwa chumba, kisha amua. Na hesabu hii inamfaa yule ambaye alikuwa anasafiri vyovyote vile. Kutoa dola elfu nane na ushei (pointi 80 kwa dola 102 kila moja) ili upewe vinywaji vinne kwa siku si uaminifu, ni kununua ng'ombe kwa ajili ya kikombe cha maziwa.

Aina ya safari nayo inabadilisha hesabu. Safari za usiku tatu au nne kutoka Miami au Port Canaveral kwenda Nassau na CocoCay, kisiwa cha kampuni yenyewe, ndizo zinazotangazwa sana, lakini kwa bei ya usiku mmoja huwa ghali, maana zinajazwa na watu wa wikiendi. Wanaokusanya pointi kwa akili huangalia safari za kuhamisha meli. Kila masika baadhi ya meli huvuka Atlantiki kwenda Ulaya, na kila vuli zinarudi. Ni usiku 12 hadi 15 hivi, siku nyingi za baharini tupu, bandari chache, na bei ya usiku mmoja mara nyingi iko chini sana. Safari moja ya usiku 14 katika Junior Suite ni pointi 28, zaidi ya theluthi ya njia ya kwenda Diamond. Kasoro yake ni tiketi ya ndege ya upande mmoja, pamoja na bahari ya Atlantiki, ambayo haina adabu kama ya Karibiani. Waswahili wa Houston, ambao ni wengi sasa, wana faida yao: Galveston iko mwendo wa saa moja hivi kwa gari, Royal Caribbean ilifungua jengo lake hapo Novemba 2022, na nauli ya ndege unaifuta kabisa. Aliyeko Marekani kwa viza ya matembezi ahakikishe viza hiyo inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikigusa Bahama au Mexico umeshatoka nchini.

Kinachoharibika zaidi ni majina. Pointi huingia baada ya safari kwisha, na zinaingia tu kama namba yako ya Crown & Anchor ilikuwa kwenye tiketi na jina linalingana. Watu wetu wana majina matatu, pasipoti inaweka mawili upande mmoja na moja upande mwingine, wakala wa safari anaandika anavyojua, na mfumo unafungua akaunti mpya ya mtu yule yule. Unaishia na pointi 21 huku na 14 kule, wewe ni Platinum lakini hakuna anayejua. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, kila safari, hata kama wakala ni shemeji yako. Tunza uthibitisho wa tiketi na bili ya mwisho ya kila safari. Kuunganisha akaunti mbili bila hivyo viwili ni kazi ya kubembeleza simuni. Ukiwa umeunganisha safari mbili bila kushuka na ya kwanza imekuvusha daraja, mwone Loyalty Ambassador, afisa wa programu hii melini, mapema siku ya kwanza ya safari ya pili, usisubiri mfumo ujisahihishe.

Kuna pia suala la nyumba. Wanandoa wanaoishi anwani moja hupewa daraja la yule aliye juu, na watoto walio chini ya miaka 18 hufuata la wazazi. Akaunti za wanandoa ziunganishwe kwa kuomba, hazijiungi zenyewe. Kaka yako mnayeishi naye, binamu, mama mkwe aliyehamia kwenu: hao kwa Royal Caribbean ni wapangaji tu. Kwa familia ya watu wanane, hiyo ni tofauti kati ya vocha za wawili na vocha za wote.

Juu ya Diamond mambo yanapoa. Diamond Plus inaongeza vocha ya tano na siku ya pili ya intaneti, baada ya pointi 95 zaidi. Kitu cha thamani kimejificha katikati: ukifika pointi 340, anayesafiri peke yake hulipa asilimia 150 badala ya 200. Kwa mjane au mtu asiye na mwenza hilo pekee linazidi vocha zote. Pinnacle kwenye 700 ina vocha sita, viti vya mbele ukumbi wa maonyesho, na safari ya bure ya usiku saba, kisha nyingine kila baada ya pointi 350. Pigia hesabu: wiki mbili kwa mwaka, pointi moja moja, ni miaka 50.

Na huo ubaya uliotajwa mwanzo ni huu. Kwa kuwa pointi hazifi, Diamond wanaongezeka kila mwaka na hawapungui. Kwenye safari ndefu, zile zinazopendwa na wastaafu, Diamond Lounge hujaa kama daladala ya saa kumi na mbili jioni, na foleni ya kipaumbele inaweza kuwa ndefu kuliko ya watu wa kawaida. Anayetaka utulivu aache ukumbi, achukue vocha yake baa ya nyuma ya meli.

Faida moja mpya ni ya kweli. Tangu Juni 2024 daraja la Crown & Anchor linatambuliwa na kampuni dada, Celebrity Cruises na Silversea: Diamond ni Elite kule Celebrity, Diamond Plus ni Elite Plus, Pinnacle ni Zenith. Kinacholinganishwa hapo ni daraja. Washindani wanaelekea kwingine. Carnival ilitangaza mwaka 2025 kwamba itaacha kuhesabu siku na kuanza kuhesabu fedha unazotumia, na hadhi itakuwa na muda wa kuisha. Ukilinganisha na hilo, mfumo wa usiku mmoja pointi moja unamtendea haki zaidi mtu wa kipato cha kati.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, Crown & Anchor iko mbali: kila safari inaanza na ndege ya bara jingine. MSC Cruises ndiyo jirani. Msimu wa joto wa kusini meli yake huondokea Durban na Cape Town, na Mtanzania au Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90. Programu yao, Voyagers Club, inajulikana kwa kukubali hadhi uliyoipata kampuni nyingine: unawasilisha uthibitisho wa daraja lako mtandaoni na unapangiwa la kulingana. Fanya hivyo kabla ya kukata tiketi, namba ya uanachama iwepo kwenye tiketi tangu mwanzo. Tahadhari ni kwamba huko hadhi inakufa usiposafiri nao kwa miaka mitatu, kwa hiyo usiiombe mwaka ambao huna safari.