Wakala wa Dawa wa Ulaya: huduma nzuri inayoishia mpakani

Nimezoea kuzisoma taarifa ambazo Wakala wa Dawa wa Ulaya huchapisha kuhusu dawa ambazo wakala huo huzitathmini, na kwa upande wa utaalamu naupa alama za juu. Wakala huu ulianza kazi London mwaka 1995, na ukahamia Amsterdam mwaka 2019 kwa sababu Uingereza ilikuwa inajitoa katika Umoja wa Ulaya (Amsterdam na Milan zilipata kura sawa, mshindi akapatikana kwa bahati nasibu, jambo linalochekesha kidogo kwa taasisi inayoishi kwa ushahidi).

Kinachonivutia zaidi ni kwamba haufanyi tathmini peke yake. Kampuni hupeleka ombi moja la kibali cha dawa, wataalamu wa nchi mbili wanachama wa Umoja huongoza uchunguzi, kisha kamati yenye mjumbe kutoka kila nchi hutoa maoni yake ndani ya siku 210, bila kuhesabu muda ambao saa husimamishwa kusubiri majibu ya kampuni. Uamuzi wenyewe hutolewa na Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, na kibali chake huwa halali katika nchi zote 27, pamoja na Iceland, Norway na Liechtenstein. Kwa hiyo, sera ya pamoja hutekelezwa na watumishi wa mamlaka za nchi zenyewe, na wakala ndio unaowaunganisha.

Karatasi ya maelezo ya mgonjwa imeandikwa kwa uangalifu, nayo hupatikana katika karibu lugha zote rasmi za Umoja. Ukiona juu yake pembetatu nyeusi iliyopinduliwa, ujue dawa hiyo bado inafuatiliwa kwa karibu zaidi, na chini yake mgonjwa anaelezwa namna ya kuripoti madhara. Alama ndogo tu, lakini inasema ukweli bila kumtisha msomaji.

Ninapopunguza alama ni pale mgonjwa anapouliza swali lake la kwanza: je, dawa hii nitaipata, na nani atailipia? Bei na malipo ya bima vimebaki mikononi mwa kila nchi, na kampuni huamua ianzie soko lipi, hivyo dawa iliyoruhusiwa kila mahali siku moja huweza kufika kwenye maduka ya dawa ya nchi moja mapema na kusubiriwa sana katika nchi jirani. Kuhusu hilo, wakala humwelekeza muulizaji kwa mamlaka ya nchi yake.