Kutazama nyota Bagamoyo: msiondoke na Mwezi

Wale wapenda nyota wanaoleta darubini zao ufukweni Bagamoyo wanafanya kazi nzuri sana, na ningependa watu wengi zaidi waende. Ombi langu ni moja: msiondoke mapema. Mwezi Juni wengi walitazama Mwezi, wakapiga picha, wakaenda zao.

Si kwamba Mwezi haukupendeza. Ulikuwa mchanga, wa siku tano, na pale mwanga unapopakana na giza vivuli hurefuka, ukaona kabisa kina cha mashimo. Ukiwa mpevu, jua huumulika wima na vivuli vyote hupotea. Watoto waliwekewa kigoda ili wafikie lenzi, wala hakuna aliyeharakishwa.

Ulizama kama saa nne na nusu. Hapo ndipo Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota angani, ilipojitokeza juu ya bahari, na darubini kubwa, yenye kioo cha sentimita 20, ikageuzwa kusini kwenye kundi la nyota liitwalo Omega Centauri. Kwa macho matupu ni kama nyota moja iliyofifia. Kwenye lenzi ni mchanga uliomwagwa: nyota zinazokadiriwa kufika milioni 10, zimesongamana, umbali wa miakanuru 17,000 hivi. Nuru iliyoingia jichoni mwangu ilianza safari kabla binadamu hajajua kulima. Nilirudi kupanga foleni tena, na tena.

Mzee mmoja aliuliza Kilimia, kile kikundi cha nyota, kiko wapi. Kijana wa darubini akamwamkia, akamweleza kwamba kwa sasa huchomoza alfajiri, muda mfupi kabla ya jua. Mzee akaitikia kwa ule msemo wa wakulima: “Kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua.” Ni kweli tupu; kilizama jioni wakati wa masika, na sasa ni kiangazi. Natamani waandaaji wawape wazee kama huyu nafasi rasmi ya kuzungumza.

Kero ni tochi za simu. Jicho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe mmoja unawaharibia wote. Waandaaji walikuwa na tochi nyekundu lakini hawakukaza sheria. Umande wa bahari nao uliziba lenzi, tukawa tunasubiri ikauke.

Darubini tatu hazikutosha kwa umati ule, ila baada ya saa nne na nusu foleni ilikuwa fupi. Vaeni mikono mirefu, mbu wapo, na pangeni usafiri wa kurudi usiku.