Mifuko ya farumi kwa boti: mdogo uliojaa au mkubwa wa nusu?

Mbukwenyi ndugu zangu, karibuni tena uani kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma. Leo nafungua lile furushi jeusi mlilokuwa mnaniuliza. Ni mifuko ya farumi. Kwa ambaye neno ni geni: manahodha wa pwani hutia mawe au mchanga chini ya jahazi ili likae vizuri majini, na uzito huo ndio farumi. Mifuko hii inafanya kazi hiyohiyo kwa maji. Boti ikiwa nzito inakaa chini zaidi, inasukuma maji mengi, na wimbi linalobaki nyuma yake linakua. Yule anayevutwa kwa kamba, amesimama kwenye ubao, analitumia wimbi hilo kama tuta la kurukia.

Mtu wa Dodoma na boti vimekutana wapi? Boti ni ya mjomba wangu, iko Msasani, Dar es Salaam. Ina mita 6 na injini yake iko ndani. Kazi ya kuchagua mifuko alinikabidhi mimi kwa sababu mkate wangu ni maturubai ya malori. Kuunga PVC ndiyo kazi ya mikono yangu kila siku, na mfuko wa farumi, ukiutazama vizuri, ni turubai lililofungwa pande zote likapewa koki.

Sasa sogeza kamera hapa chini. Nimelaza ubao juu ya jiwe, jiwe liko katikati, kama pembea ya watoto. Juu ya ubao kuna mfuko wa lita 180 ambao nimeujaza nusu tu. Naugusa ncha moja kwa kidole. Umeona? Maji yote yamekimbilia upande ulioshuka, ubao umelala, na haurudi wenyewe. Dogo, hebu ongeza maji mpaka ujae. Subiri… haya. Naugusa tena. Safari hii ubao unainama kidogo tu, maji yamekaa palepale.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanaagiza mfuko mkubwa kuliko wote, halafu wanaujaza nusu kwa kuogopa uzito. Boti ikikata kona, maji yanakimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi. Kwangu mimi mfuko wa kilo 180 uliojaa pomoni ni bora kuliko wa kilo 500 ulio nusu, na sitabadilisha msimamo huo kwa sababu ya bei.

Ukubwa huandikwa kwa paundi kwa kuwa mifuko mingi inalenga soko la Marekani. Utakutana na 400, 750, 1,100. Gawanya kwa 2.2 upate kilo, kwa hiyo ni kama 180, 340 na 500. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, lita moja ni kilo moja, hesabu haina shida. Huu wa 340 ni madumu 17 ya lita 20. Na baharini unapata nyongeza, maana maji ya chumvi ni mazito: mfuko huohuo unaongezeka kama kilo 8.

Nije kwenye mshono, na hapa nitakaa kidogo. Mfuko wa kwanza nilioununua ulikuwa wa rahisi, na muuzaji sitamtaja. Niliujaza jioni nikalala. Asubuhi nilikuta uwanja umelowa na mfuko umelala kama ngozi ya mbuzi. Madumu 17, Dodoma hii, mwezi wa tisa! Iliniuma sana. Tazama kilichotokea: kitambaa hakijachanika popote. Kilichoachia ni mshono wa kona, kwa sababu kitambaa kilipakwa gundi tu juujuu, na upana wa kuungana haufiki hata kidole kimoja. Linganisha na huu mwingine. Vipande vimepandana upana wa vidole viwili, vimeunganishwa kwa joto, na ukijaribu kuingiza ukucha pembeni haupati pa kuingia. Kona zake zimeongezewa kiraka kutoka kiwandani. Ukiwa dukani usianze kuuliza unene wa kitambaa. Anza na kona, pitisha ukucha.

Tangu siku ile kila ninapojaribu mfuko nachimba kwanza mfereji mpaka kwenye mizabibu yangu pale ukutani. Maji yakitoka, yanajua pa kwenda.

Koki. Usichukue mfuko wenye tundu moja. Unataka tundu la kuingizia maji, la kutolea, na moja juu kabisa la kupitishia hewa. Hewa ikibaki ndani ni nusu mfuko tena kwa mlango wa nyuma: umesoma kilo 180 kwenye lebo, ndani kuna 150 na maji yanacheza. Mimi nainua ile kona yenye koki ya hewa, naacha pampu iendelee mpaka mlio wa kukoroma uishe na maji matupu yatoke. Kisha naupiga kofi. Ukilia kama ngoma, bado kuna hewa.

Pampu nitapita haraka. Ya volti 12 ya kutumbukiza majini inatosha kuanzia. Yetu imeandikwa galoni 800 kwa saa, yaani karibu lita 3,000, lakini kwa mpira wenye mikunjo mfuko wa 340 ulituchukua dakika 9 badala ya 7. Zipo zenye mapezi ya mpira ndani, ambazo hujaza na kunyonya kwa kugeuza swichi. Ni nzuri, ila zikizunguka bila maji mapezi yanaungua.

Sasa uzito wenyewe, na naomba hapa usiruke video. Kwenye boti ya mjomba kuna kibao kinachosema mwisho ni kilo 680, watu na mizigo pamoja. Farumi ni mzigo. Mifuko miwili ya 180 ni kilo 360. Weka watu watatu wa kilo 75, hao ni 225, jumla 585. Imebaki 95 ya mbao, kamba, maboya na kreti ya vinywaji. Akiingia mtu wa nne, 660. Wa tano hana nafasi mpaka mfuko mmoja umwagwe, hata kama kiti kiko wazi. Mjomba alinuna kidogo niliposema hivyo, lakini yeye ndiye aliyenifundisha kuwa bahari haina mjanja.

Na tafadhali, usiweke viroba vya mchanga ukisema uzito ni uzito. Boti ikiingia maji, mchanga unaivuta chini. Maji yaliyo ndani ya mfuko, ukiwa umezama majini, hayavuti kitu, na pampu inaweza kuyatoa.

Mifuko hiyo miwili niliikunja, nikapanda nayo treni ya SGR, ikakaa vizuri kwenye begi moja la mgongoni. Msasani tulitoka alfajiri, bahari shwari. Tulianza bila farumi, mwendo wa kilomita 32 kwa saa: wimbi la nyuma lilikuwa la chini na juu limevurugika kwa povu. Tukajaza mifuko yote miwili, mmoja kulia mmoja kushoto, huku tezi, yaani nyuma ya boti. Mwendo uleule, wimbi likasimama, likawa na mgongo ulionyooka, na binamu yangu akaruka upande mpaka upande kwa mara ya kwanza. Lakini lilikuwa kali, linamrusha juu ghafla. Uzito ukiwa nyuma wimbi linasimama wima. Ukisogeza kiasi mbele linalala na kuwa refu, ambalo anayejifunza analiweza. Usizidishe huko mbele. Ukipunguza mwendo ghafla, wimbi lako mwenyewe linakufikia, na ukigeuka kulikabili huku omo, yaani pua ya boti, ikiwa imeinama, maji yanaingia ndani.

Injini pia inasikia. Boti ilichelewa kuinuka, na mafuta yaliisha mapema kuliko tulivyozoea.

Mmoja wenu aliuliza kwa nini nisingejaribia Mtera, karibu na nyumbani. Bwawa ni zuri, nalipita kila niendapo Iringa, barabara inapita juu ya ukuta wenyewe. Lakini kuna mamba na viboko, na kuna miti iliyokufa tangu bonde lilipojazwa maji. Maji yakishuka kiangazi, visiki vinabaki chini kidogo tu ya uso. Mtu anayeanguka kila dakika kumi simpeleki pale. Na ukihamisha boti kutoka ziwa moja kwenda lingine, mwaga maji ya mfuko palepale ulipoyachota, mpaka tone la mwisho. Waliohangaika na gugumaji Ziwa Victoria wanajua mmea mgeni unavyogharimu.

Hukumu yangu: miwili ya 180 yenye kona zilizoungwa kwa joto, kabla ya mmoja wa 340, na wa 500 sikushauri kabisa kwa boti ya mita 6. Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi, ianike kivulini ikauke ndani na nje ndipo uikunje, maana jua letu hili linakausha PVC mpaka inapasuka. Ukiianikia uani kama mimi, fagia miiba ya mgunga kwanza. Huu hapa una kiraka tayari, kwa ajili ya mwiba mmoja.

Mjomba ameomba wa tatu, mdogo, wa kukaa mbele ili binamu apate wimbi la upole. Ukifika tutaujaza hapahapa, na mizabibu itasubiri zamu yake.