TAHADHARI: "Seti ya spea" zinazouzwa mitandaoni kwa magari yaliyokuja bila tairi la akiba

Ndugu zangu wenye magari madogo, hasa ninyi mlioagiza kutoka Japani, mkafungua buti na kukuta hakuna tairi la akiba: kuna muuzaji anatangaza mitandaoni "seti kamili ya spea", yaani tairi likiwa tayari kwenye rimu, jeki, spana na nati zake, shilingi 250,000 na unaletewa mpaka mlangoni. Msimtumie hela. Mimi ni fundi matairi hapa Morogoro na seti zake zimeshafika kwangu na watu wa magari tofauti tofauti. Sijaona hata moja ambayo ningekubali mtu aondoke nayo.

Kuwatajia jina la duka hakutawasaidia. Wateja walionionyesha ujumbe waliotumiana naye, kila mmoja ana jina lake la duka na namba yake ya simu, ila picha ni zile zile: matairi meusi yanayong'aa yamepangwa juu ya turubai la bluu. Na maneno ni yale yale: "Inaingia gari zote za nati nne." Hayo maneno ndiyo ya kuyakumbuka. Hakuna spea inayoingia gari zote za nati nne, na anayeuza rimu kila siku lazima analijua hilo.

Kilichonifanya niandike ni dada mmoja muuguzi aliyekuwa anatoka Iringa kuja huku. Nissan Note yake ilikuja na kichupa cha dawa ya pancha na kipampu cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, basi. Kwa kuwa anasafiri mara kwa mara akaona anunue spea, jambo la busara kabisa, na muuzaji akamhakikishia kwa sauti (nimeisikiliza) kwamba imepimwa kwenye gari kama lake. Pancha ikampata jua linazama, ndani ya hifadhi ya Mikumi. Mnaoijua njia ile mnajua: barabara inapita katikati ya hifadhi kama kilometa 50, na jioni ndiyo tembo na nyati wanavuka. Tairi lilikuwa limechanika ubavuni, dawa ikamwagika yote chini. Dereva wa lori akasimama kumsaidia, wakapiga jeki, wakatoa tairi, wakaleta ile spea. Matundu ya nati yakalingana vizuri. Rimu ikagoma kuingia.

Sababu ni hii. Rimu aliyouziwa ni ya Vitz. Vitz na Note zote ni nati nne, na umbali kati ya nati zinazotazamana ni ule ule, milimita 100, kwa hiyo ukiangalia kwa macho unaona zinafanana. Lakini tundu la katikati ya rimu, linalokaa juu ya kitovu cha habu (chuma cha kwenye gari ambacho tairi linafungiwa), kwenye Toyota ndogo ni milimita 54.1 na habu ya Nissan ni milimita 60.1. Hiyo rimu haiingii hata ukiipiga nyundo. Na zile nati alizowekewa kwenye mfuko zilikuwa za Toyota, zenye meno mapana (tunaziita 1.5), wakati za Nissan ni 1.25. Hata kama rimu ingeingia, zile nati zingeshika duru moja tu, halafu ukilazimisha kwa spana unaua meno ya stadi (vyuma vya habu ambavyo nati zinafungiwa), na tairi linakuja kuchomoka ukiwa mwendoni.

Mungu ni mwema, yule dereva hakumwacha. Aliegesha lori nyuma yake taa zikiwaka mpaka ukapatikana msaada wa kulivuta gari kurudi Mikumi mjini. Kesho yake dada akapanda basi na matairi yote mawili akaja kwangu Msamvu, hapa Morogoro, kwa kuwa kule hakupata saizi yake, 185/70R14.

Sasa mje kwenye tairi lenyewe, maana hapo ndipo nilipokasirika zaidi. Lilikuwa jeusi linang'aa, kashata (yale maua ya uso wa tairi) zina kina kizuri, ukilitazama kwa mbali unasema jipya. Nikapitisha kitambaa chenye petroli ubavuni, kikatoka cheusi tii. Ni rangi. Chini ya rangi kuna nyufa nyembamba zimezunguka tairi zima, karibu na ukingo wa rimu zinaingia hata ncha ya kucha. Nikatafuta tarehe. Matairi mengi yana herufi DOT ubavuni, na mwishoni mwa mstari huo kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwenye tairi lile sehemu hiyo ilikuwa imesagwa kwa grainda, laini kabisa. Ila kwenye seti nyingine kutoka kwake, aliyoniletea kijana wa Dumila, walisahau kusaga. Iliandikwa 3108. Wiki ya 31, mwaka 2008. Hilo ndilo "tairi jipya".

Na zile kashata zimechongwa. Wanachukua tairi lililokwisha, wanachimba mifereji kwa kisu cha moto ionekane ina kina. Matairi ya malori mengine yametengenezwa kwa ajili ya kuchongwa na yameandikwa REGROOVABLE. Tairi la gari dogo halichongwi hata siku moja, mpira uliobaki juu ya nyuzi ni mwembamba mno. Kuligundua si kazi: ndani ya mifereji ya tairi lisilochongwa kuna vituta vidogo vinavyokatiza, vyenye kimo cha milimita 1.6, vinavyokuonyesha tairi limekwisha. Kwenye tairi lililochongwa vile vituta vimekatwa au havipo kabisa. Pitisha kidole.

Wapo wanaoniuliza kwa nini watengenezaji wameondoa spea, kwani wanatuonea? Tairi na rimu yake na jeki ni mzigo wa kilo 15 mpaka 20. Bila huo mzigo gari linakunywa mafuta kidogo, buti linakuwa kubwa, na magari mengi ya haibridi yanahitaji nafasi hiyo kwa betri. Gari lilitengenezwa litembee Japani, kwenye lami safi, ambako ukikwama unapiga simu na chama chao cha madereva, JAF, kinakuja. Kwa matumizi yale kichupa cha dawa kinatosha. Kwetu hakitoshi. Ile dawa inaziba tundu la msumari kwenye uso wa tairi, tundu dogo lisilozidi milimita nne hivi. Mchaniko wa ubavuni kutokana na shimo au jiwe kali haiwezi, na barabara zetu mipasuko ya ubavuni ni mingi. Kwa hiyo kutafuta spea ni sahihi. Huyu tapeli anakula kwa sababu hitaji ni la kweli.

Anauza pia hizo chupa za dawa. Nimeshika moja. Ilikuwa na stika ya tarehe, nilipoibandua kwa kisu nikakuta tarehe nyingine chini yake, ilishapita zamani. Dawa ya pancha inaharibika ikikaa. Inaganda ndani ya chupa, na ukiitikisa huisikii ikicheza. Kagua hata ile iliyokuja na gari lako, maana gari la mwaka 2014 linaweza kuwa bado na chupa yake ya kwanza, nayo imeisha muda. Na ukishaitumia, mwendo usizidi kilometa 80 kwa saa, nenda moja kwa moja kwa fundi, na umwambie kabla hajafungua tairi kwamba ndani kuna dawa. Tunahitaji kuiosha yote ndipo tuweke kiraka.

Wenye BMW nao wamelengwa. Anawauzia runflati za mtumba kwa maneno kwamba "hazipati pancha". Zinapata. Kilichopo ni kwamba ubavu wake mgumu unabeba gari bila upepo, kwa kawaida kilometa 80 kwa mwendo usiozidi 80. Tairi likishatembezwa hivyo, ubavu unasagika kwa ndani na nje huoni kitu. Likitolewa kwenye rimu unakuta unga mweusi wa mpira umejaa ndani. Mtumba wa namna hiyo usinunue bila kuona ndani.

Kama unahitaji spea, fanya hivi, iwe kwa huyu au kwa mwingine yeyote.

Usilipe kabla haijafungwa kwenye gari lako. Si kuletwa, kufungwa. Piga jeki, toa tairi moja, weka spea. Rimu iingie mpaka ikae bapa kwenye habu, nati ziingie kwa vidole duru kadhaa bila spana, kisha uzungushe tairi kwa mkono usikie kama linagusa breki. Pima mbele na nyuma, kwa sababu breki za mbele ni kubwa zaidi na rimu ndogo inaweza kukubali nyuma ikakataa mbele. Muuzaji wa kweli hakatai. Huyu wa turubai la bluu ukimwambia hivyo anakuambia bodaboda ana haraka, ana wateja wengine.

Geuza tairi pande zote mbili. Tarehe kamili mara nyingi huandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo anayekuuzia likiwa kwenye rimu anaweza kuuficha upande ule kwa ndani. Tairi lisilo na tarehe upande wowote, liache. Watengenezaji wengi wanasema tairi likagueni kila mwaka baada ya miaka mitano na msilitumie likifika kumi, hata kama halijawahi kugusa barabara. Spea nayo inahesabiwa.

Honda mniangalie hapa. Nati za Honda zina kichwa cha mviringo, za Toyota zina koni. Rimu inaweza kuingia vizuri na nati zikakaza, lakini hazikai kwenye kiti chake, baada ya safari zinalegea. Ukinunua rimu ya gari jingine, uliza nati zake.

Ukiuziwa ile spea nyembamba, ambayo saizi yake inaanza na herufi T, kwa mfano T125/70D15, ujue ni ya kukufikisha kwa fundi tu. Mwisho wake ni kilometa 80 kwa saa na upepo wake ni PSI 60. Vijana wengi wa vituo vya mafuta wanaijaza 30 kama tairi la kawaida, na hapo inalegea na kupata moto kupita kiasi. Ipime kila unapopima mengine. Spea nyingi zinazoletwa kwangu hazina upepo kabisa.

Na kabla hujanunua, hakikisha gari lako kweli lilikuja bila spea. Magari mengi hupigwa picha buti likiwa wazi kabla ya kupakiwa melini. Omba picha hizo kwa aliyekuagizia. Kama kwenye picha tairi lipo na wewe umepokea shimo tupu, una haki ya kuuliza limeshukia wapi.

Jambo moja la usalama kwa wanaopita Mikumi. Pancha ikikukuta ndani ya hifadhi giza limeingia, usishuke kuanza kupiga jeki peke yako. Washa taa za hatari, kaa ndani, simamisha gari kubwa. Kama uko karibu na mwisho wa hifadhi, endesha gari polepole mpaka utoke, hata kama rimu itaharibika. Rimu inanunuliwa.

Mliokwisha tapeliwa: msifute mazungumzo, hasa ujumbe wa sauti, na mtunze ujumbe wa malipo kwa sababu ndio wenye jina lililosajiliwa kwenye namba. Kama umelipa sasa hivi, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako kabla hela haijatolewa. Namba ya tapeli itumeni 15040, kisha fungueni jalada polisi. Kuhusu tairi lenyewe, Tume ya Ushindani, yaani FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia na udanganyifu kwa mlaji, na TBS, yaani Shirika la Viwango, wanahusika na bidhaa zilizo chini ya kiwango. Malalamiko ya mtu mmoja yanaweza kukaa, tukiwa wengi wenye picha za turubai lile lile itakuwa vigumu kuyapuuza.

Tairi lake msilitupe wala msimuuzie mtu, hata kwa bei ya kutupa. Ni ushahidi, na likirudi sokoni litapakwa rangi tena. Mliopo Morogoro na njia ya Dodoma au Iringa, lileteni nilikague bure, nitawapigia picha ya nyufa, ya sehemu iliyosagwa na ya vituta vilivyokatwa, muambatanishe kwenye jalada.